Kofia ya Kupakwa Rangi

Kuna kadi moja ndogo ya mwaka 1976, inaenea kwenye kiganja cha mkono, yenye picha ya kijana mweusi wa Kimarekani aitwaye Oscar Gamble. Nywele zake ni afro, tena si afro ya kubabaisha. Imetanda kulia na kushoto kama mwavuli. Juu ya mwavuli huo kuna kofia ya timu ya New York Yankees. Ukiitazama haraka utasema, naam, jamaa kavaa kofia. Ukiitazama tena utaona kofia ile haijavaliwa na mtu. Imechorwa. Gamble alikuwa mchezaji wa Cleveland, na tarehe 22 Novemba 1975 Cleveland ikampeleka New York na kupewa mchezaji mwingine. Kampuni ya Topps, iliyokuwa ikichapisha kadi hizo, haikuwa na picha yake akiwa na nguo za New York. Basi fundi akashika brashi, akafuta alama za timu ya zamani na kupaka za timu mpya.

Sasa sikia kichekesho chake. Tajiri wa Yankees, George Steinbrenner, hakutaka kuona mchezaji wake na nywele ndefu. Gamble aliporipoti mazoezini kabla ya msimu wa 1976 alitakiwa anyolewe kwanza ndipo apewe jezi. Akanyolewa. Kwa hiyo yule mtu wa kwenye kadi, mwenye afro ile na kofia ile kwa pamoja, hayupo. Alizaliwa mezani kwa fundi wa rangi.

Wakusanyaji wa kadi wanaipenda kadi hii kwa kucheka. Mimi pia nilicheka nilipoiona picha yake mara ya kwanza. Lakini msomaji, sisi tunaojaribu kuandika hadithi tuna ugonjwa mmoja: tukiona kitu kimepakwa rangi tunataka kujua chini ya rangi kuna nini. Nami nimekwangua kidogo.

Kwanza tuelewane juu ya mchezo wenyewe, maana huku kwetu wengi tunaujua kwa kuuona katika sinema tu. Besiboli ni mchezo wa gongo na mpira mdogo mgumu. Mmoja anarusha, mwingine anapiga, akipiga anatimua mbio kuzunguka vituo vinne. Hayo yanatosha. Kadi zake zilianza zamani. Zile mashuhuri za miaka 1909 hadi 1911 zilitiwa ndani ya pakiti za sigara. Baadaye zikahamia kwa watoto, kwenye chingamu. Topps ilianzishwa Brooklyn, New York, mwaka 1938 kwa ajili ya biashara ya chingamu, na hapo sisi tuna undugu nayo pasipo kujijua: neno bazoka, ambalo watoto wa mjini wanalitumia kwa chingamu yoyote ile, linatokana na Bazooka, chingamu ya Topps iliyotoka mwaka 1947. Mwaka 1952 Topps wakatoa mkusanyo mkubwa wa kadi 407, wakaziuza pamoja na kipande cha bazoka kwa senti 5. Mtoto anatafuna, mtoto anatazama picha, na nyuma ya picha anasoma kimo cha mchezaji, uzito wake, na amepiga mipira mingapi.

Kadi moja ya mkusanyo ule, ya Mickey Mantle, iliuzwa mwaka 2022 kwa dola milioni 12.6. Ndiyo, milioni kumi na mbili na zaidi, kwa kipande cha karatasi ngumu. Mantle alichezea Yankees tangu 1951 mpaka 1968, hakuhamishwa hata mara moja. Huyo tumwache na mamilioni yake. Mimi nazungumzia wale walioamka asubuhi wakaambiwa wao si wa hapa tena.

Hapa Kiswahili chetu kinatusaidia kuliko Kiingereza. Katika habari za mpira wa miguu tunasema fulani amehama. Kuhama ni kitendo cha mwenye miguu yake. Anafunga mizigo, anakwenda. Kuhamishwa ni jambo jingine, pana mtu nyuma yako anayekusukuma. Na kuuzwa ni la tatu. Katika besiboli ya Marekani, kwa karibu miaka mia moja, mchezaji hakuhama. Tangu mwaka 1879 wenye timu walianza kupatana kwamba mchezaji wa mmoja wao asiguswe na mwingine, na mapatano yale yakaja kuwa kifungu ndani ya kila mkataba. Mkataba ukiisha, timu inabaki na haki juu ya mchezaji. Hawezi kwenda kwingine, ila wao wanaweza kumpeleka kwingine. Wakitaka wanambadilisha kwa mchezaji mwenzake, wakitaka wanamuuza kwa fedha taslimu, na yeye haulizwi. Akikataa, njia iko moja: aache mchezo, akatafute kazi nyingine. Mwaka 1922 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba sheria za nchi za kuzuia makampuni kuhodhi biashara haziihusu besiboli. Basi wenye timu wakastarehe.

Ukilijua hilo, kadi zinaanza kusema. Chukua zile za sigara. Mchezaji mmoja, Ray Demmitt, alitolewa New York akapelekwa St. Louis mwishoni mwa mwaka 1909. Kadi yake ilikwisha chapwa yenye jina la New York. Wachapaji wakabadilisha maandishi wakaweka St. Louis, na kadi hizo za St. Louis zikatiwa kwenye tumbaku ya aina moja tu, iliyoitwa Polar Bear. Ndiyo maana leo ni adimu, na wakusanyaji wanazitafuta kama dawa. Mtu ni yule yule na mchoro ni ule ule, ila chini yake mji umebadilika.

Topps walipoingia kazini tatizo likazidi, kwa sababu wao walitumia picha za kamera, na kamera haina adabu, inaonyesha kila kitu. Picha zilipigwa mwaka huu kwa ajili ya kadi za mwaka ujao. Katikati hapo, wakati wa baridi, wenye timu wanabadilishana watu. Topps wakabuni hila. Wapiga picha wao waliwaambia wachezaji wavue kofia, au wainue uso ili mbele ya kofia pasionekane, wapigwe hivyo hivyo. Picha hiyo inawekwa akiba. Mchezaji akipelekwa timu nyingine, picha iko tayari: kichwa kitupu, hakina timu. Fungua kadi za miaka ya 1960 utaona vichwa vitupu vingi, nyuso zinazotazama juu kama zinangoja mvua. Mtoto aliyenunua bazoka hakujua kwa nini. Yule mwenye kichwa kitupu alijua fika: alipigwa picha kama bidhaa ambayo bado haijaandikwa bei.

Siwalaumu sana mafundi wa rangi. Kazi yao ilikuwa ngumu na yenye haraka, na zipo kadi ambazo kofia imechorwa vizuri mpaka unaweza kuapa ni ya kweli. Nyingine, loo, ni aibu. Herufi imepinda kama imeandikwa na mtoto wa shule ya chekechea. Mimi hizo mbaya ndizo ninazozipenda. Fundi mzuri anakusahaulisha kwamba kuna jambo lilitokea. Fundi mbaya anakukumbusha.

Wapo waliokataa. Jackie Robinson, mtu mweusi wa kwanza katika ligi kuu za karne ya ishirini, aliyeanza na Brooklyn Dodgers mwaka 1947 akivumilia matusi ya viwanja vizima, tarehe 13 Desemba 1956 aliambiwa amebadilishwa na kupelekwa New York Giants, mahasimu wakubwa wa Brooklyn. Ukiwa mtu wa Simba au wa Yanga huhitaji maelezo. Robinson alikuwa amekwisha amua kustaafu na kwenda kufanya kazi katika kampuni ya kahawa, basi hakwenda. Kadi yake ya mwisho ya Topps enzi zake za uchezaji ni ya mwaka 1956. Kadi yake akiwa Giants haipo, na kwangu mimi pengo hilo nalo ni kadi.

Lakini aliyekataa mpaka dunia ikasikia ni Curt Flood.

Flood alicheza St. Louis misimu kumi na miwili, tangu 1958 hadi 1969. Katika kudaka mipira ya mbali alishinda tuzo ya ustadi miaka saba mfululizo. Alikuwamo timu ilipotwaa ubingwa mwaka 1964 na mwaka 1967. Msimu wa 1969 alilipwa dola 90,000, na fedha hizo enzi zile si za mchezo. Mwezi Oktoba 1969 akapigiwa simu. Aliyepiga hakuwa mwenye timu, alikuwa ofisa wa kawaida wa ofisini. Umepelekwa Philadelphia. Basi, kwaheri. Alikuwa mmoja katika kundi la wachezaji waliokwenda huku wengine wakija kule, kama watu wanaobadilishana magunia sokoni.

Tarehe 24 Desemba 1969 alimwandikia kamishna wa besiboli, Bowie Kuhn. Alimweleza kwamba baada ya miaka kumi na miwili ya kazi haoni kwamba yeye ni mali ya kununuliwa na kuuzwa bila kujali anachotaka mwenyewe, na akaomba timu nyingine ziarifiwe kwamba yuko tayari kusikiliza maombi yao. Kamishna akakataa. Flood akaenda mahakamani. Watu walimwambia, wewe unalipwa dola 90,000 kwa mwaka, unalia nini? Jibu lake lilikuwa kwamba mtumwa anayelipwa vizuri naye ni mtumwa. Kesi iliposikilizwa New York mwaka 1970, Jackie Robinson alikuja kutoa ushahidi upande wake, nywele zimekuwa nyeupe. Wachezaji waliokuwa bado uwanjani hawakutia mguu mahakamani. Waliogopa, na mimi nikiwa na mke na watoto sijui ningefanya nini.

Msimu mzima wa 1970 Flood hakucheza. Mwaka 1971 alijaribu tena na Washington Senators, akacheza michezo 13 tu, mwili na moyo vikakataa, akapanda ndege kwenda Ulaya. Topps walimtolea kadi mwaka ule, namba 535, akihesabiwa mtu wa Washington. Michezo 13, kadi moja. Tarehe 19 Juni 1972 Mahakama ya Juu ikatoa hukumu: kura tano kwa tatu, Flood ameshindwa.

Na sasa angalia, msomaji, jambo ambalo kama ningeliandika katika riwaya mhariri angeniambia nimezidisha chumvi. Mwaka ule ule wa 1972, Topps wakatoa kwa mara ya kwanza kundi maalumu la kadi za waliobadilishwa. Zilikuwa saba, namba 751 hadi 757, na juu ya picha ya kila mmoja umepigwa kama muhuri, herufi kubwa, kusema kwamba huyu amebadilishwa. Kabla ya hapo walikuwa wanaficha kwa kofia za kuchora na vichwa vitupu. Mwaka ambao mahakama ilisema jambo hili ni halali, muhuri ukawekwa juu ya picha, watoto wakanunua.

Kati ya wale saba, wa kwanza ni Steve Carlton na wa sita ni Rick Wise. Hao wawili walibadilishana wao kwa wao mwezi Februari 1972. Carlton aligombana na mwenye timu ya St. Louis, tajiri wa bia, juu ya mshahara. Akatupwa Philadelphia, na Wise akaletwa mahali pake. Philadelphia ilikuwa timu dhaifu kupindukia. Mwaka ule ilishinda michezo 59 tu. Katika hiyo 59, Carlton peke yake alikuwa mrushaji aliyepewa ushindi mara 27. Hebu piga hesabu mwenyewe. Kadi ya tano ni ya Jim Fregosi, aliyepelekwa New York Mets kutoka California. Aliyetolewa kwa ajili yake alikuwa kijana mrushaji asiyejua mpira wake utakwenda wapi, jina lake Nolan Ryan. Ryan hakuwekwa katika kundi la wale saba, hakuonekana mkubwa wa kutosha kupigwa muhuri. Alikuja kuwa mrushaji aliyewatoa wapigaji wengi kuliko yeyote katika historia ya mchezo, 5,714.

Mwaka 1974 kukatokea kituko kingine, nacho nakipitia haraka ingawa kinachekesha. Zamani Topps walitoa kadi kwa mafungu, majira yote ya joto, kwa hiyo mtu akihamishwa waliweza kurekebisha katika fungu linalofuata. Mwaka 1974 wakachapa zote 660 kwa mkupuo, mapema. Wakati huo habari zilikuwa kwamba timu nzima ya San Diego inahamia Washington. Topps wakachapa kadi 15 zenye jina la Washington. Mwezi Januari Ray Kroc, yule tajiri wa McDonald's, akainunua timu, ikabaki pale pale San Diego. Mmoja wa wale waliochapwa ni Willie McCovey, aliyecheza San Francisco tangu 1959 na ndiyo kwanza alikuwa amepelekwa San Diego Oktoba 1973. Kwa hiyo kuna kadi ya McCovey akiwa wa timu ambayo haikuwahi kuwako. Mtu aling'olewa nyumbani, na karatasi ikamng'oa mara ya pili.

Kulikuwa na jambo lingine chini ya rangi, nalo ni fedha. Mchezaji kijana alipewa na Topps dola 5 za kusaini, kisha dola 125 kwa mwaka kadi yake ikitumika. Marvin Miller, aliyetoka chama cha wafanyakazi wa chuma, alipochukua uongozi wa chama cha wachezaji mwaka 1966, aliuona mkataba ule akashangaa. Mwaka 1968 wachezaji wakagoma kupigwa picha. Topps wakabaki na picha za zamani, na ndiyo sababu katika kadi za 1969 vichwa vitupu ni vingi mno. (Mwaka huo huo kadi ya Aurelio Rodríguez ilitoka na picha ya mvulana wa kubeba magongo, si ya Rodríguez. Kampuni haikujua sura ya mtu iliyekuwa ikimuuza.) Mgomo ulifanya kazi. Wakapata dola 250 kila mmoja, na asilimia 8 ya mauzo hadi dola milioni 4, asilimia 10 kwa yanayozidi. Walianza kudai nyuso zao kabla hawajadai miguu yao.

Miguu nayo ilifuata. Flood alishindwa mahakamani, lakini kelele zake ziliwatia wenye timu wasiwasi, na katika mapatano ya 1973 wakakubali kanuni moja: mchezaji aliyetimiza miaka kumi katika ligi kuu, na mitano ya mwisho akiwa na timu ile ile, anaweza kukataa kubadilishwa. Wa kwanza kuitumia alikuwa Ron Santo wa Chicago Cubs, Desemba 1973. Walitaka kumpeleka California. Akasema hapana. Wakarudi mezani, wakapatana na White Sox, timu ya pili ya mji ule ule wa Chicago, akakubali. Topps wakatoa mwaka 1974 kundi la pili la waliobadilishwa, wachezaji 43, na Santo yumo, namba 270T. Ukizipanga zote mezani kadi yake haina tofauti na za wenzake. Neno kubwa ni lile lile. Ila kwa yeye neno lile linasema uwongo kidogo. Wenzake waliulizwa na nani? Yeye aliulizwa.

Tarehe 23 Desemba 1975 msuluhishi aitwaye Peter Seitz aliamua, katika shauri la warushaji wawili, Andy Messersmith na Dave McNally, kwamba kile kifungu hakiwezi kumfunga mtu milele. Ukimaliza mwaka mmoja bila kusaini mkataba mpya, uko huru. Wenye timu wakamfukuza kazi siku ile ile. Uamuzi ukasimama.

Hesabu siku. Oscar Gamble alipelekwa New York tarehe 22 Novemba 1975, mwezi mmoja tu kabla. Kwa hiyo kadi yake, ile ya afro na kofia ya kuchora, ilichapwa mpakani kabisa. Mwezi Aprili 1977 Yankees nao wakampitisha, akapelekwa Chicago. Akapiga huko mipira 31 ya kuvuka uzio kwa msimu mmoja. Msimu ulipokwisha mkataba wake ulikuwa umekwisha, na safari hii hakungoja simu ya mtu. Alikwenda San Diego, akakaa kitako, akasaini mwenyewe.